Maswali ya Wasomaji: Mbuna Aliyegeuka Mweusi

SWALI: Ndugu Mhariri, nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 40 na kimo cha 40, ambalo nililiweka sebuleni miezi mitano iliyopita. Muuzaji alinichagulia samaki saba: wanne aliowaita mbuna (samaki wadogo wa miamba ya Ziwa Nyasa), wawili wadogo wa Ziwa Tanganyika, na samaki wa dhahabu mmoja. Walikaa kwa amani mpaka mbuna mmoja, aliyekuwa wa njano mwenye mistari myeusi, alipoanza kugeuka mweusi karibu mwili mzima, na tangu hapo amewaua wale wawili wa Tanganyika na mbuna mwenzake mmoja. Je, ni mgonjwa? Na ni samaki gani wa maziwa yetu wanaoweza kukaa pamoja katika tangi la ukubwa huu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, samaki wako si mgonjwa, bali amebalehe. Maelezo yako yanalingana na dume la Melanochromis auratus, ambaye akiwa mchanga huwa na rangi ya njano kama jike, kisha akikomaa na kujitwalia eneo hugeuka mweusi na kubaki na mistari iliyopauka. Kule Ziwa Nyasa dume wa namna hii humfukuza mpinzani, naye mpinzani hukimbilia mwamba mwingine. Katika sentimita 90 hakuna mwamba mwingine, na ndiyo maana anayefukuzwa huishia kufa. Mrudishe dukani pamoja na mbuna wawili waliobaki, kwa sababu kundi la mbuna mchanganyiko linahitaji tangi la lita 200 au zaidi. Samaki wa dhahabu naye mtafutie chombo chake, kwani yeye ni wa maji ya baridi na hula taratibu mno kushindana na wenzake.

Samaki unaowauliza ni wa ukoo mmoja na sato na perege tunaowala, na pia na kuhe wa Kigoma anayezidi nusu mita, kwa hiyo kusema tu kwamba samaki ni wa maziwa yetu hakutoshi kumchagua. Maji ya Nyasa na ya Tanganyika yote ni magumu na ya alkali, na pengine ndiyo sababu wauzaji huona si vibaya kuwachanganya. Kinachowatenganisha ni chakula na tabia, na kwa maoni yangu tangi dogo lisiwe na samaki wa zaidi ya ziwa moja.

Tangi lako, ukishaweka mchanga na mawe, litabaki na takriban lita 120. Kwa kiasi hicho ningechagua Ziwa Tanganyika, na hasa Neolamprologus multifasciatus, samaki asiyefika sentimita 5, ambaye huishi na kuzaa ndani ya makombe matupu ya konokono. Nunua wachanga sita hadi wanane, uwatandikie mchanga laini wa kina cha sentimita 5 upande mmoja wa tangi, na uweke makombe mawili au matatu kwa kila samaki. Watachimba usiku na mchana, watayafukia makombe na kuyafukua tena, na kila mmoja atalinda mlango wake dhidi ya jirani kwa ukali usio na madhara makubwa. Mimi binafsi sijaona samaki wa mapambo anayefurahisha kutazamwa kuliko huyu. Upande wa pili panga mawe yenye nyufa, kisha uweke jozi moja tu ya Julidochromis transcriptus, ambao hushikamana na mawe na kwa kawaida hawana haja na mchanga. Usiongeze aina nyingine ya Julidochromis, kwa maana watazaana na kukupa machotara.

Usilikaushe tangi wakati wa mabadiliko haya, wala usioshe chujio kwa maji ya bomba yenye klorini. Lisuuze kwa maji ya tangi lenyewe, ili bakteria wanaoondoa amonia, yaani kemikali inayotokana na uchafu wa samaki, wasife. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa samaki hawa, kwa sababu kadiri maji yanavyozidi kuwa ya alkali, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika hali yenye sumu.

SWALI: Je, mbuna wanaweza kulishwa nyama ya ng'ombe iliyosagwa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hapana. Wengi wao hukwangua mwani kwenye miamba na wana utumbo mrefu wa walaji majani, hivyo nyama na mafuta yake huwavimbisha tumbo, na mara nyingi huwaua. Wape chakula cha vidonge chenye mwani, na mara mojamoja jani la mchicha lililochovywa katika maji ya moto likalainika. Watakachoacha kitoe siku hiyohiyo.