Kipe jina kinachobaki
Mdogo wangu, umeuliza kwa nini miaka mitatu unaendesha bodaboda ya tajiri na bado huna yako. Si uvivu, maana saa kumi na moja alfajiri uko kijiweni. Shida ni kwamba ukishampelekea tajiri pesa yake ya hesabu, kinachobaki hakina jina, kinaishia kwenye chipsi na vocha. Kipe jina leo. Shilingi 2,000 kila siku, kabla hujala, tumbukiza kwenye kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari. Kwa mwaka ni 730,000. Mimi niliongezea daftari, nikaandika hata maji ya mia tano. Wiki ya kwanza nilishtuka sana kusoma nilichoandika! Siku abiria wakiwa haba, weka hata mia mbili, ila usiruke.