Gemu gani la mbio za magari lina uhalisia zaidi? Pima tairi, achana na picha

Swali la mjadala huu ni kati ya Gran Turismo 7, Forza Motorsport, Assetto Corsa na iRacing, lipi linaendesheka kama gari la kweli. Wengi mmejibu kwa kuangalia picha, na wengine mmesema lililo gumu ndilo halisi. Hapo ndipo mnapokosea. Gari la kweli hukupa dalili kabla halijateleza. Gemu linalokuzungusha ghafla bila dalili yoyote lina kasoro kwenye hesabu zake za tairi, hata kama linawatoa watu jasho.

Pima hivi. Chukua Mazda MX-5 (kwenye Gran Turismo inaitwa Roadster), zima ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) na visaidizi vyote. Usianze na gari la GT3 (daraja la magari ya mbio yanayotokana na magari ya kifahari ya barabarani), maana vifaa vyake vya kuzuia mtelezo vinaficha udhaifu wa gemu. Ingia kona ndefu kwa gia ya tatu, na ukifika katikati achia mafuta ghafla. Uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanapungukiwa mshiko, mkia unaanza kutoka.

Assetto Corsa, pamoja na kwamba ni ya 2014, hapa bado inayashinda magemu mengi. Usukani unapungua uzito mkononi, kisha unajizungusha wenyewe kufuata upande ambao mkia umetokea. Ukiuachia kidogo halafu ukaudaka, gari linanyooka. Kwenye iRacing dalili zipo lakini muda wa kuokoa ni mfupi, na ukiteleza sana tairi linapata moto na kona inayofuata unailipia. Gran Turismo 7 inasamehe: mkia unarudi hata ukichelewa. Tena apdeti ya 1.49 ya Julai 2024 ilifanya baadhi ya magari yarukeruke kama chura hadi ikabidi warekebishe. Forza naiweka jirani na hiyo. Inapendeza sana ukiwa na padi ya mkononi, ila ukiwa na usukani inakosa ule ujumbe wa tairi.

iRacing isihukumiwe kwa tairi peke yake. Viwanja vyake vimepimwa kwa leza, na kila dereva ana alama za usalama zinazoshuka akigonga wenzake au akitoka nje ya barabara. Ndiyo maana kona ya kwanza huko watu wanaendesha kwa adabu kuliko kwingine. Ubaya ni malipo ya kila mwezi, na magari na viwanja vingi unanunua kimojakimoja.

Ukitaka GT3 hasa, nenda Assetto Corsa Competizione, ambayo ni gemu tofauti na ile Assetto Corsa ya juu. Hapo upepo wa tairi ni kila kitu. Tangu toleo la 1.9, tairi la barabara kavu likishapata moto linatakiwa liwe kati ya psi 26 na 27 (psi ni kipimo cha upepo). Namba unayoweka kwenye menyu ni ya tairi baridi, kwa hiyo zunguka mara tatu au nne ndipo usome. Joto la hewa likibadilika nyuzi 1 ya Selsiasi, upepo unabadilika kama psi 0.1. Mbio zikianza mchana zikaingia usiku, nyuzi zikashuka 10, umepoteza psi 1 nzima. Gari linaanza kukataa kona, nawe unalaumu gemu.

Kabla ya kulaumu gemu lolote, kagua vitu viwili. Kwanza upana wa kuona (FOV), yaani pembe ya mandhari ambayo gemu linakuonyesha. Skrini ya inchi 27 ina kimo cha sentimita 33.6 hivi, ukikaa sentimita 70 kutoka hapo, pembe sahihi ya wima ni nyuzi 27 tu. Wengi wanaiacha 50 na zaidi, kona inaonekana iko mbali kuliko ilivyo, wanakosea mahali pa kukanyaga breki. Utajihisi kama unachungulia kwenye bomba, vumilia siku mbili tatu.

Pili, nguvu ya usukani, yaani jinsi unavyokusukuma mkononi. Logitech G29, usukani wa gemu, ina takribani Nm 2 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Ukiipandisha hadi mwisho, kwenye kona nzito inafika kikomo na kila kitu kinakuwa uzito uleule. Ile dalili ya mkia kutoka inamezwa humo. Kwenye Assetto Corsa fungua kiboksi cha pedali kinachoonekana kwenye skrini: mstari wa nguvu ukiwa mwekundu kona nzima, bonyeza alama ya kutoa kwenye namba za pembeni za kibodi hadi uwe unagusa wekundu kwenye matuta ya kingo tu.

Wa rali ni habari nyingine. EA Sports WRC ya 2023 ina Safari Rally Kenya, na kuikimbia Naivasha ukiwa sebuleni ni raha yake. Lakini kwa jinsi gari linavyohamisha uzito kwenye changarawe, Richard Burns Rally ya 2004, ikiwa na nyongeza za mashabiki, bado naiweka juu yake.