Mtoto ana aleji ya maziwa, mayai na karanga, nimpikie nini?

Pole sana mamaa, mtoto wa mwaka na nusu kukatazwa maziwa, mayai na karanga kwa mpigo sio jambo dogo, ila kwa sie wa Moshi chakula kipo. Mpikie mtori, ndizi na nyama laini, usitie maziwa wala siagi, ukiiva uponde na parachichi ndo linampa mafuta. Unga wa lishe wa dukani achana nao kwa sasa, mwingi una karanga na soya, na hata ukipeleka nafaka zako mashineni, ile mashine huenda imetoka kusaga karanga za mwenzio, bora usage kwa blenda yako nyumbani. Na wakikwambia mpe maziwa ya mbuzi kataa kabisa, protini zake zinafanana sana na za ng'ombe, yanaweza kumdhuru vilevile. Kalsiamu, yaani madini ya mifupa ambayo angeyapata kwenye maziwa, muulize daktari, dagaa wa kusaga wanasaidia kama samaki hawamsumbui. Dada wa kazi na bibi nao waambie wasimpe biskuti, nyingi zina maziwa. Akivimba midomo au akihema kwa shida usisubiri, kimbia naye hospitali hapohapo.