Maswali na Majibu: Vichwa vya Treni Vinavyosikika Kabla ya Kuonekana

Swali: Ni kichwa gani cha mvuke kilichokimbia kuliko vyote duniani?

Mallard, nambari 4468, cha Uingereza. Tarehe 3 Julai 1938, kikishuka mteremko wa Stoke kusini ya Grantham, kilifika maili 126 kwa saa, yaani kama kilomita 203. Magurudumu yake makubwa yana kipenyo cha mita 2 na kidogo, na kwa mwendo ule yalikuwa yakizunguka karibu mara 9 kila sekunde. Hebu fikiria vyuma vizito vinavyokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi hiyo. Beringi ya silinda ya katikati haikuhimili. Ilipata moto, na kichwa kikaachwa Peterborough kabla ya kufika London. Dereva alikuwa Joseph Duddington, na Thomas Bray ndiye aliyekuwa akilisha tanuri makaa.

Wapenzi wa reli wa Kijerumani hukumbusha kwamba kichwa chao cha mvuke, 05 002, kilifikisha kilomita 200.4 kwa saa mwaka 1936 bila kusaidiwa na mteremko kama ule. Hoja yao ina uzito. Rekodi, hata hivyo, ni ya Mallard, na chenyewe unaweza kukitazama katika jumba la makumbusho ya reli mjini York.

Swali: Kila mara naona 4-6-2, 2-8-2. Ni nini hizo?

Ni hesabu ya magurudumu kutoka mbele kwenda nyuma: madogo ya kuongoza, makubwa yanayosukumwa na pistoni, kisha madogo ya nyuma. 4-6-2 huitwa Pacific, na Mallard ni mmoja wao. 2-8-2 huitwa Mikado.

Swali: Garratt inanichanganya. Mbele tangi, nyuma tangi, boila katikati. Kwa nini imeundwa hivyo?

Swali hili nimelingoja siku nyingi, maana Garratt ndiyo niipendayo kuliko vichwa vyote vya mvuke.

Mwingereza Herbert William Garratt aliona tatizo ambalo kila mhandisi wa reli nyembamba alilijua. Ukitaka nguvu zaidi, unahitaji boila kubwa na tanuri pana, lakini magurudumu yaliyo chini yake yanakunyima nafasi, na reli nyepesi na kona kali zinakukatalia uzito. Yeye akaondoa magurudumu chini ya boila. Akaitundika boila kama daraja kati ya mitambo miwili, kila mmoja ukiwa na silinda na magurudumu yake, ukiweza kujipinda peke yake kwenye kona. Tanuri likapata nafasi ya kunenepa, na uzito ukagawanywa kwenye ekseli nyingi. Ya kwanza ilikwenda Tasmania mwaka 1909.

Kilele chake kwenye reli ya upana wa mita moja ni aina ya 59 (Class 59) ya Reli za Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, zikajengwa na kiwanda cha Beyer, Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956, za 4-8-2+2-8-4, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 hivi. Zilichoma mafuta mazito, zikavuta mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Hakuna kichwa cha mvuke cha reli ya mita moja kilichozizidi nguvu. Zilipewa majina ya milima ya eneo hili, na si Kilimanjaro peke yake. Nambari 5918 ni Mount Gelai, nayo 5930 ni Mount Shengena, na zote mbili zimo katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Napenda sana kwamba Shengena, mlima wa Upare ambao wengi hawajausikia, uliandikwa ubavuni mwa chuma kama kile.

Kinachoniteka zaidi ni sauti. Mitambo miwili inapumua kupitia dohani moja. Mara mapigo yanakwenda pamoja, pigo kwa pigo, kisha polepole mmoja unaachana na mwenzake hadi unasikia kama ngoma mbili zinazojibizana, halafu zinakutana tena.

Swali: Big Boy ya Marekani ndiyo yenye nguvu kuliko zote, sivyo?

Hapana. Allegheny ya reli ya Chesapeake & Ohio ilipimwa nguvu-farasi nyingi zaidi. Ila Big Boy zote 25, zilizojengwa na kiwanda cha ALCO kuanzia 1941, zina mvuto wa pekee, kuanzia jina lenyewe, ambalo fundi mmoja aliliandika kwa chaki kiwandani. Moja, 4014, ilirudishwa relini mwaka 2019, sasa ikichoma mafuta badala ya makaa.

Swali: Dizeli ni sanduku lenye kelele. Mtu anapenda nini hapo?

Anapenda kelele hizo hizo! Ndani ya sanduku, injini haizungushi magurudumu moja kwa moja. Inazungusha jenereta, na umeme wake unaendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Ndiyo maana dizeli hunguruma kwa nguvu kwanza, treni ikiwa bado haijajongea, na mpenzi wa reli hujua aina yake kwa mngurumo huo akiwa amefumba macho.

Sikiliza Deltic ya Uingereza. Zilitengenezwa 22, mwaka 1961 na 1962, kila moja ikiwa na injini mbili za kampuni ya Napier ambazo asili yake ni boti za kivita. Kila injini ina silinda 18 zilizopangwa pembetatu, krenkishafti (mihimili inayozungushwa na pistoni) tatu kwenye pembe, na pistoni mbili zinazokutana ndani ya kila silinda. Nguvu-farasi 3,300 kwa jumla. Na kwa kuwa injini ni mbili, zisizolingana kabisa, sauti zake huachana na kukutana kama za Garratt. Kazi yao iliisha Januari 1982, lakini 6 zimehifadhiwa.

Swali: Nimealikwa kutazama kichwa cha mvuke kikiondoka. Nisimame wapi?

Usisimame mkabala na silinda. Dereva hufungua vali za chini ili maji yaliyotokana na mvuke uliopoa humo yatoke, na mvuke wa moto hutapakaa pembeni kwa mlio mkali. Sogea nyuma, karibu na chumba cha dereva, usikie joto la tanuri usoni. Mkono wa chuma utajongea taratibu, kisha pigo la kwanza la mvuke litatoka juu. Hesabu mapigo kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Yakiwa 4, kwa kawaida silinda ni mbili. Yakiwa 6, ni tatu, kama za Mallard.