Soko la pamba likilegezwa, niongeze mashine?

SWALI: Nina kiwanda cha kuchambua pamba mkoani Simiyu. Uwezo wake ni tani 10,000 za pamba mbegu (pamba ambayo bado haijatenganishwa na mbegu zake) kwa msimu, lakini misimu mitatu sasa sijavuka tani 3,500. Nasikia masharti ya kununua kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, yatalegezwa, kila mnunuzi amfuate mkulima mwenyewe. Mshauri wa miradi ameniandalia andiko la mkopo: mashine sita zaidi za rola za kutenganisha nyuzi na mbegu, na ajira 40 za kudumu. Niendelee?

JIBU: Hapana, ndugu. Mashine ulizonazo zina kazi kwa theluthi moja tu ya uwezo wao. Hizo sita zitakuja kulala pamoja nazo.

Dhana inayochosha zaidi katika maandiko ya namna hii ni kwamba masharti yakiondolewa, malighafi itaongezeka. Kinachoongezeka ni wanunuzi. Pamba huongezwa na mvua, mbegu, viuadudu na bei aliyoipata mkulima msimu uliopita. Sheria ya 1994 ilipoondoa ukiritimba wa vyama vikuu vya ushirika kama Nyanza cha Mwanza na SHIRECU cha Shinyanga, wafanyabiashara walijenga viwanda vya kuchambua hadi uwezo wa mashine ukayaacha mavuno mbali sana. Uwekezaji ulikuwepo, tena mwingi. Lakini mavuno yaliyovuka tani 370,000 msimu wa 2005/06 yalishuka chini ya nusu msimu uliofuata, na rejesho la benki halikushuka nayo.

Fanya hesabu ambayo mshauri wako ameikwepa. Tuseme gharama zako zisizobadilika, yaani riba, walinzi, bima na mafundi wa kudumu, ni shilingi milioni 600 kwa msimu. Ukichambua tani 10,000, kila kilo ya pamba mbegu inabeba shilingi 60. Ukichambua 3,500, inabeba 171. Sasa ongeza ushindani: mwenzako akipandisha bei kijijini kwa shilingi 100 kwa kilo, nawe ukamfuata, kilo moja ya pamba nyuzi imekupanda kwa shilingi 294, kwa sababu katika kila kilo 100 za pamba mbegu unapata nyuzi kilo 34 hivi. Bei ya nyuzi hufuata soko la dunia. Haipandi kwa sababu Bariadi wanunuzi wanagombana.

Katika kugombania huko, karani wa mizani hakatai mzigo. Pamba iliyomwagiwa maji na kutiwa mchanga inapokelewa, visu na rola vinaliwa, nyuzi zinashuka daraja. Pato la nyuzi likitoka asilimia 35 hadi 33, kwa tani zako 3,500 umepoteza tani 70, karibu marobota 390 ya kilo 180. Na ukikopesha pembejeo, jiandae: mkulima atachukua dawa kwako na pamba atamuuzia aliyefika na fedha taslimu.

Kwa hiyo kama ni lazima ukope, kopa fedha za kununulia pamba. Kwa bei ya shilingi 1,200 kwa kilo, tani 3,500 ni shilingi bilioni 4.2, na soko likiwa wazi anayeshinda ni yule ambaye fedha zake zimefika kituoni asubuhi. Ajira zifuate utaratibu huohuo. Kwanza badilisha rola na visu, pima unyevu mzigo unapopokelewa. Mzigo ukizidi, ongeza saa, kisha zamu ya pili kwa watu wa msimu. Wa kudumu wawe fundi mitambo, fundi umeme na mwendesha presi, maana presi, mashine inayokandamiza nyuzi kuwa marobota, ikisimama kiwanda kizima kimesimama. Mashine mpya izungumzwe baada ya zamu mbili kujaa misimu miwili mfululizo.

Onyo hili si la pamba peke yake. Wanaouza maandiko hutamka “soko huria” kana kwamba ni dawa moja kwa viwanda vyote, bila kuuliza mlango upi umefunguliwa. Uhuru wa kununua malighafi uliwavuta wachambuaji waingie. Uhuru wa kuingiza bidhaa ulivibana viwanda vya nguo Tanzania na Kenya, vilivyokuwa na mitambo mikuukuu na sasa vikashindana na mitumba na vitambaa vya nje. Baada ya AGOA ya mwaka 2000, sheria ya Marekani iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru, viwanda vya kushona vya EPZ Kenya (maeneo maalumu ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje) viliajiri maelfu, lakini kwa vitambaa vilivyotoka zaidi Asia, hivyo msokotaji na mchambuaji wa nyumbani hawakufaidika sana. Kisha mgao wa kimataifa wa nguo, yaani ukomo wa kiasi ambacho nchi kama za Asia ziliruhusiwa kuuza katika masoko makubwa, ulipoondolewa Januari 2005, baadhi ya kazi hizo zikapotea.

Mrudishie mshauri andiko lake, mwambie apige hesabu zake upya kwa tani 3,500, bei ya kununulia ikiwa juu kwa shilingi 100 na pato la nyuzi likiwa asilimia 33. Asipoweza kuonyesha rejesho linalipwa na nini, usimmalizie malipo yake.