Mnaokwenda India kusoma uhandisi, mtazameni Raju kabla ya kumuiga Rancho

Wadogo zangu, najua 3 Idiots, ile filamu ya Kihindi ya wanafunzi wa uhandisi, wengi wenu mmeshaiona. Ilitoka Desemba 2009, Rajkumar Hirani akiwa mwongozaji na Aamir Khan akicheza Rancho, anayesoma chuo kimoja na rafiki yake Raju, na tangu hapo vijana wengi wanaofungasha mabegi kwenda Pune au Bengaluru wanaondoka na somo moja kichwani: kukariri ni ujinga, wewe elewa tu, alama zitakuja zenyewe. Mimi nilisoma uhandisi wa mitambo kule, miaka yote minne, na filamu ile naipenda mpaka leo. Lakini somo hilo mkilibeba hivyo hivyo litawaletea sapu, yaani mitihani ya kurudia.

Chukueni lile darasa la mashine. Profesa anauliza mashine ni nini. Rancho anajibu kwa furaha kwamba ni chochote kinachompunguzia mtu kazi, anataja feni, anataja simu, anafika mpaka kwenye zipu ya suruali, anaipandisha na kuishusha mbele ya darasa zima. Profesa hataki. Chatur, mwanafunzi mwenzao bingwa wa kukariri, anasimama, anaimwaga fasili ya kitabuni bila kupumua, viungo vilivyounganishwa hivi na mwendo wake ukabanwa vile. Chatur anasifiwa, Rancho anatolewa nje, na sisi watazamaji tunamcheka Chatur.

Subirini mfike kwenye somo la nadharia ya mashine. Huko mtagundua kwamba fasili ya Chatur ndiyo yenye kazi. Huo mwendo uliobanwa ndio unaofanya pistoni iende na kurudi badala ya kuyumba inakotaka, na ndio mtakaoupigia hesabu muhula mzima. Zipu haitawasaidia. Tatizo la Chatur halikuwa kuijua fasili. Tatizo ni kwamba ukimwonyesha baiskeli ukamuuliza ni mwendo upi hapa umebanwa, sidhani kama angekuwa na la kusema.

Halafu kuna kipande ambacho wengi hawakitilii maanani. Rancho anarudi darasani kuchukua kitu alichosahau. Profesa anamuuliza ni kitu gani, naye anammiminia maelezo marefu ya kitaalamu, vyombo vya kuhifadhi na kuchambua taarifa, vyenye jalada gumu na jepesi, vyenye faharasa, vyenye utangulizi, mpaka profesa anachanganyikiwa. Kumbe anasema vitabu. Ni utani, sawa, lakini lugha ya kitabuni anaimudu kuliko Chatur. Ndiyo maana matokeo yakibandikwa, wa kwanza ni yeye. Chatur ni wa pili.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Jambo lielewe kwanza kwa maneno yako, hata kwa Kiswahili, umweleze mwenzako wa chumbani mpaka naye aelewe. Kisha jifunze fasili kama ilivyo kwenye kitabu kinachotumika chuoni kwako, neno kwa neno ikibidi. Msahihishaji ana rundo la karatasi mezani na anatafuta maneno anayoyajua. Ukimpa na mchoro safi wenye majina ya sehemu zake, umemrahisishia kazi, na alama zako zitaonyesha hivyo.

Yapo pia ambayo filamu haikuwa na muda nayo. Vyuo vingi vinataka mahudhurio yasiyopungua asilimia 75, na ukipungukiwa unaweza kuzuiwa mlangoni siku ya mtihani hata kama unajua kila kitu. Daftari la maabara lazima lisainiwe kwa wakati. Kuna alama za ndani ya muhula ambazo mtihani wa mwisho haukurudishii. Na somo ulilofeli linakufuata muhula unaokuja, wenyeji wanaliita bakilogi, likikaa juu ya masomo mapya. Kampuni nyingi zinazokuja chuoni kuajiri huwa hazimpokei mwenye bakilogi.

Kuhusu Chatur, lipo jambo linalotuhusu zaidi ya Wahindi wenyewe. Kwenye hadithi yeye ni mzaliwa wa Uganda aliyesomea Pondicherry, kusini mwa India, Kihindi hakijui vizuri. Ndiyo maana anapokariri hotuba ya kumsifu mkuu wa chuo na Rancho akambadilishia maneno, la muujiza likawa la ubakaji, anaisoma mpaka mwisho huku ukumbi unavunjika mbavu. Kichekesho chenyewe kwangu kimeshachacha, ubakaji si jambo la kuchekea. Lakini somo limebaki: anayekariri hajui lini amepotoka. Na ninyi mtakuwa wageni wa Kihindi vilevile. Jifunzeni cha kununulia mboga na kuongea na fundi wa karakana, mtashangaa milango itakayofunguka.

Sasa Raju. Kama hujaitazama filamu, aya mbili zinazofuata ziruke.

Rancho hana woga wa mtihani, na watu husema ni kwa sababu ana akili. Mimi nadhani sababu nyingine ni kubwa zaidi. Cheti kile hakikuwa chake. Alikuwa mtoto wa mtunza bustani, anasoma kwa jina la mtoto wa tajiri, na shahada ilikwenda kwa mwenye jina. Hakuna nyumba iliyokuwa inamsubiri yeye alete mshahara. Raju alikuwa na baba aliyepooza, mama mwalimu mstaafu, na dada asiyeolewa kwa kukosa mahari ambayo kule hutolewa na upande wa mwanamke. Anavaa pete kila kidole kuomba afaulu, na woga ule ule unamfanya apate alama mbovu. Wengi wenu mnaopanda ndege kwa pesa ya shamba lililouzwa au mchango wa ukoo ni kina Raju, na kumwambia Raju asijali alama ni kumtukana.

Kinachomwokoa Raju si kuacha kujali. Baada ya kutaka kujitoa uhai na kunusurika, anaingia kwenye usaili na kusema ukweli wote: alama zake mbovu, woga wake, yaliyompata. Wanamwomba apunguze ukweli ili wamwajiri, anakataa, na kazi anaipata. Joy Lobo, mwanafunzi mwingine aliyekuwa na kipaji kuliko wengi pale, aliomba tu muda wa kumalizia mradi wake, akanyimwa, na simu ikapigwa kwa baba yake kabla yeye mwenyewe hajazungumza naye. Hakunusurika.

Basi mambo yakianza kwenda mrama, nyumbani wasikie kutoka kwako, tena mapema, kabla barua ya chuo haijafika. Wazazi wetu hukasirika wiki moja, kisha wanauliza ada ya kurudia ni kiasi gani. Ukiona usingizi umekimbia na mawazo yamekuwa mazito, usijifungie chumbani: mwambie mlezi wa bweni, mwambie mtu wa nyumbani kwenu aliye mji huo, hata kama hamjuani.

Na wiki ya kwanza mtafute aliye mwaka wa tatu wa kozi yako. Mwombe mitihani ya miaka iliyopita, na muulize ni fundi yupi wa karakana asiyefunga mlango mapema jioni.