Haki za mzazi zikishafutwa na mahakama Marekani: njia ya kurudi ipo, ila anayeifungua ni mtoto

Ndugu uliyeuliza, nimeisoma habari ya dada yako mara mbili. Kwa ambao hawakuiona: dada yake alitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akaletwa jimbo la Washington, watoto wake watatu wakachukuliwa na idara ya watoto, na miaka minne iliyopita mahakama ikamfutia haki za mzazi. Wadogo wawili wameshaasiliwa. Mkubwa, sasa ana miaka 14, hakuasiliwa na mtu. Amehamishwa nyumba moja hadi nyingine, na mwaka huu amempata mama yake kwa simu. Swali lako ni kama kuna namna ya kumrudisha, maana mama ameambiwa na kila mtu kwamba kesi imeshaisha.

Kwa kijana huyo haijaisha. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili, nakaa vikao vya mahakama na vya idara huku huku Washington. Si wakili, na wakili mtamhitaji. Lakini haya nimeyaona yakitendeka, na inaniuma kuona mama wa watu anakaa miaka akiamini mlango umepigwa misumari wakati sheria imeuacha wazi.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 2007, kifungu RCW 13.34.215 (RCW ni mkusanyiko wa sheria za jimbo la Washington). Inampa mtoto mwenyewe nafasi ya kuiomba mahakama imrudishie mzazi haki zake. Ombi si la mama, wala la mjomba, wala la mchungaji. Mtoto awe ametimiza miaka 12 (jaji anaweza kumsikiliza aliye mdogo zaidi kukiwa na sababu ya msingi), na iwe imepita miaka mitatu tangu amri ya mwisho ya kufuta haki bila yeye kupata makazi ya kudumu aliyopangiwa, kwa mfano kuasiliwa. Anapewa wakili bila malipo kwa ajili ya ombi hilo. Kwa ulivyoeleza, kijana wenu ametimiza yote. Wale wadogo, nasikitika kusema, ni habari nyingine. Aliyeasiliwa ana wazazi wapya kisheria, na kifungu hiki hakimfikii isipokuwa ule uasili uwe umevunjika.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapokwama. Mama hawezi kupeleka ombi, na mtoto mara nyingi hajui kama haki hiyo anayo. Nani atamwambia? Kifungu hicho hicho kinasema mzazi aliyefutiwa haki akiwasiliana na idara, au na mtetezi wa mtoto aliyeteuliwa na mahakama, akaulizia kurejeshewa haki, basi wao wanalazimika kumjulisha mtoto anayestahili kwamba anaweza kupeleka ombi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya dada yako ni barua. Iwe fupi: jina lake, jina na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, kwamba anaulizia kurejeshewa haki za mzazi chini ya RCW 13.34.215, na anaomba mwanawe ajulishwe haki yake. Aipeleke kwa barua pepe au posta ya kusainiwa, abaki na nakala. Asiishie kupiga simu, kwa sababu simu haiachi karatasi na maafisa ustawi wanabadilika kila mara.

Na hizo simu za siri na mtoto, mwambie aziangalie kwa makini. Kama kuna amri inayomzuia kuwasiliana naye, anajiharibia. Kama hakuna, bado ni bora walezi na idara wajue. Asimfundishe mtoto maneno ya kusema mbele ya jaji. Majaji wanayatambua maneno ya kukaririshwa, na mtoto wa miaka 14 ana sauti yake.

Ombi likifika, kwanza kuna kikao cha kupima kama mama anaonekana kufaa na kama kweli anataka. Kikao hicho kikipita vizuri, ndipo inasikilizwa kesi yenyewe. Jaji anaangalia yale yaliyosababisha haki zifutwe, yaani yaliyoandikwa kwenye hukumu ile ya zamani, na kama mama ameyarekebisha. Anaangalia umri na matakwa ya mtoto, na hatari yoyote kwa usalama wake. Ushahidi unaotakiwa ni wa kiwango cha juu, ulio wazi na wa kushawishi. Akiridhika, hatoi haki siku hiyo hiyo. Mtoto anarudi kwa mama kwa majaribio ya miezi sita, idara ikifuatilia. Yakienda salama, ndipo inatoka amri ya kurejesha haki. Hukumu ya zamani haifutwi, inabaki kuwa halali. Mahakama inakubali tu kwamba mambo ya mama na mtoto yamebadilika. Na kwa kipindi chote ambacho haki zilikuwa zimefutwa, mama hadaiwi na idara fedha za matunzo.

Kwa hiyo dada yako atafute hukumu ile, aisome mstari kwa mstari pamoja na mtu anayejua Kiingereza cha mahakama. Nimekutana na akina mama wanaobeba mafaili mazito ya vyeti vya kanisani na vya darasa la kushona, wakati hukumu ilisema tatizo lilikuwa pombe, au mwanamume fulani ndani ya nyumba. Vyeti hivyo ni vizuri, lakini havijibu kilichoandikwa. Kama kilichoandikwa ni pombe, jaji anataka kuona matibabu na vipimo. Kama ni mwanamume, anataka kujua yuko wapi leo.

Kuna jambo moja zaidi nataka niliseme kwa sababu linawahusu watu wetu hasa, nalo ni lugha. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili familia isitambulike. Nilikaa kwenye chumba cha kutembelea watoto, mama upande mmoja wa kochi, mwanawe wa miaka minane upande wa pili, msimamizi pembeni akiandika kwenye kompyuta. Mtoto alichukuliwa akiwa na miaka mitano, akaishi na walezi wasiojua neno la Kiswahili. Mama akamuuliza, "Umekula, baba?" Mtoto akanitazama mimi. Ikabidi nimtafsirie mtoto maneno ya mama aliyemzaa, na mama maneno ya mtoto. Mama akanyamaza muda mrefu, akawa anamshika tu mkono. Ripoti iliyoandikwa baadaye ilisema mama hazungumzi sana na mtoto. Mkalimani haruhusiwi kutoa maoni yake, lakini wakili wake alipouliza swali sahihi mahakamani, yule msimamizi alikiri kwamba hakuelewa chochote kilichosemwa kwa Kiswahili.

Basi kijana wa dada yako akirudi, wategemee hilo. Anaweza kuwa anaongea Kiingereza kitupu. Waanze mapema kuomba vikao vya kuonana vyenye mkalimani, na mama aendelee na masomo yake ya Kiingereza, kwa sababu ile miezi sita ya majaribio si mahali pa kuanza kujifunza kuongea.

Lingine la lugha ni ile "ndiyo" yetu. Mtu mzima wa kwetu akiongeleshwa na ofisa hujibu "ndiyo, ndiyo" kwa heshima, akimaanisha nakusikia. Huku inaandikwa kwamba amekubali. Nimeona mama "amekubali" mpango wa madarasa ambayo hayakuwa na mkalimani, yako mbali na basi halifiki, halafu miezi ikaisha ikaandikwa kwamba hakushirikiana. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sura ya sita, inazilazimu ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu zisimbague mtu kwa asili ya taifa lake, na lugha inahesabiwa humo. Mkalimani ni haki, ombeni kwa maandishi. Na asitumike mtoto, wala jirani, wala mume.

Wenye kesi ambazo bado ziko wazi, msisubiri mfike alipofika dada huyu. Sheria ya serikali kuu ya 1997 inasema mtoto akikaa kwenye malezi ya muda miezi 15 kati ya 22 ya karibuni, jimbo linatakiwa lipeleke ombi la kufuta haki za mzazi. Yapo ya kusamehewa: mtoto akiwa kwa ndugu, kukiwa na sababu nzito iliyoandikwa kwenye faili, au idara ikiwa haikutoa huduma ilizotakiwa kutoa. Kwangu mimi hesabu hiyo ya miezi haimtendei haki mtu anayesubiri darasa la lugha yake kwa miezi, lakini ndiyo inayotembea. Ndiyo maana ndugu ni muhimu sana. Shangazi, binamu, hata rafiki wa familia ajitokeze siku ya kwanza aseme mtoto aje kwangu. Washington kikao cha kwanza hufanyika ndani ya saa 72 bila kuhesabu wikiendi na sikukuu, na tangu Julai 2023 sheria ya jimbo inataka hatari ya karibu ya kuumia kimwili ithibitishwe kabla mtoto hajaondolewa. Umaskini peke yake au nyumba kubanana si sababu. Hilo lisemwe hapo hapo na wakili, na mzazi asiye na uwezo anapewa wakili. Kama hukumu ya kufuta haki imetoka juzi, rufaa ina siku 30.

Walio majimbo mengine msikopi ya Washington. California nayo inamtaka mtoto alete ombi baada ya miaka mitatu. New York, kwa sheria ya 2010, hata mzazi mwenyewe anaweza kuomba, mtoto akiwa na miaka 14 na ikiwa imepita miaka miwili. Yapo majimbo yasiyo na sheria hii kabisa. Ulizeni ofisi ya msaada wa kisheria ya jimbo lenu kwa swali hilo hilo: je, mtoto ambaye hajaasiliwa anaweza kuomba mzazi arejeshewe haki?

Ndugu, kwa sasa mwambie dada yako atafute ile amri ya mwisho na aangalie tarehe yake. Miaka mitatu inahesabiwa kuanzia hapo, si siku watoto walipochukuliwa. Kama hana nakala, karani wa mahakama iliyosikiliza kesi atamweleza namna ya kuiomba. Akiwa nayo mkononi, barua iende wiki hiyo hiyo.